Kadi walizosema zimeungua

Mwezi wa saba mwaka 2013, shule moja ya masera, yaani masista, huko Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo, ilipata kompyuta mpya za mezani kwa ajili ya chumba cha informatiki. Zilikuja tupu, bila mfumo endeshi. Masera aliyesimamia shule alikuwa amechoshwa na virusi vilivyoingia kila siku kwenye mashine za zamani kupitia flashi za wanafunzi, kwa hiyo tulipomweleza habari za Linux, mfumo endeshi mwingine, alisikiliza vizuri, akauliza bei, akasikia ni bure, akakubali. Tukaweka Debian 7, toleo mojawapo la Linux, lililokuwa limetoka Mei mwaka huohuo, kutoka kwenye DVD. Picha ikaja, sauti ikaja, panya ikatembea. Mtandao tu ndio haukuja. Ukiandika `ifconfig -a` unaona `lo` peke yake, ile njia ya mashine kujizungumzia yenyewe, kana kwamba ile tundu ya waya nyuma ya mashine ni pambo.

Fundi mmoja wa mjini aliitwa. Akachomeka waya wake, akatazama, akatoa hukumu: kadi zote za mtandao zimeungua, zimepigwa na umeme, shule inunue nyingine. Kwetu neno hilo halibishiwi kirahisi. Bukavu nani hajapoteza redio au friji umeme uliporudi kwa kishindo? Lakini kadi hizo zilikuwa ndani ya ubao mama wenyewe, na ubao ulikuwa mzima, diski nzima, memori nzima. Umeme gani huo unaochagua kitu kimoja kwenye kila mashine na kuacha vingine vyote?

Mimi nilikuwa bado mwanafunzi. Niliyemfuata alikuwa yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, mtoto wa mama mkubwa, aliyeishi Nguba na kufanya kazi za kompyuta tangu nikiwa shule ya msingi. Alipofika hakugusa waya. Alikaa, akaandika `lspci -nn`, amri inayoorodhesha vifaa vya mashine, akashusha kidole kwenye orodha mpaka mstari mmoja wenye namba mwishoni, ndani ya mabano ya mraba: 1969:1091.

"Unaona? Kadi iliyokufa haitaji jina lake. Hii inajitaja."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo kozi zangu zilikuwa zimelipita juu juu. Kila kifaa cha PCI, njia inayounganisha kadi na ubao mama, kina namba mbili: ya kwanza ni ya aliyekitengeneza, ya pili ni ya kifaa chenyewe. Intel ni 8086. Realtek ni 10ec. 1969 ni ya Atheros, na 1091 ni chipu yao ya AR8161. Mashine inapowaka, keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huzisoma namba hizi moja baada ya nyingine. Kila draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, nayo imebeba jedwali la namba inazozihudumia. Namba ikilingana, draiva inachukua kifaa chake. Isipolingana na draiva yoyote, kifaa kinabaki pale pale, kizima, na hakuna anayekiita.

Debian 7 ilikuwa na keneli 3.2, ya Januari 2012. Ndani yake kulikuwa na `atl1c`, draiva ya chipu za Atheros zilizotangulia, kama ile ya 1969:1083. 1091 haikuwamo. Yaya alienda saiba akaitafuta namba hiyo, akarudi na uso wa mtu aliyepata alichokitaka: draiva yake iko, inaitwa `alx`, na imeingia kwenye keneli 3.10. Keneli hiyo ilikuwa imetoka tarehe 30 Juni. Tulikuwa mwezi wa saba. Mpaka leo jambo hilo linanigusa: watu ambao hawajawahi kusikia jina la Kadutu walikuwa wametuandikia dawa ya tatizo letu wiki chache tu kabla hatujaihitaji, wakaiweka wazi achukue anayetaka.

Kuichukua kulikuwa na taabu yake. Faili la keneli lilikuwa kama megabaiti 70, na saiba ya wakati ule megabaiti 70 ni mchana mzima wa kulipia dakika. Nitaliacha hilo. Lilifika kwenye flashi, na hilo latosha.

Tulianza na usanidi wa keneli ileile iliyokuwa ikifanya kazi. Yaya alinakili faili lililo kwenye `/boot` kuwa `.config`, akaandika `make oldconfig`, na maswali yakaanza kumiminika. Njia hii huuliza yale tu yaliyoongezwa tangu keneli ya zamani, lakini kutoka 3.2 mpaka 3.10 yaliyoongezwa ni mengi kwelikweli. Maswali mengi yana majibu matatu: `y`, kitu kiwe ndani ya keneli yenyewe, `m`, kiwe moduli inayopakiwa kikihitajika, `n`, kisiwepo. Kuna na la nne, alama ya kuuliza, ambayo inakuletea maelezo. Nilitaka tubonyeze Enter tu tupite. Yaya akakataa. "Soma. Mtu alikaa chini akaandika hayo maelezo kwa ajili yako."

Nikasoma. Kamera za televisheni, kadi za redio, vipima joto vya ubao mama, vidude vya kuchezea gemu, mitandao ya mashine kubwa za hesabu. Sikujua dunia ina vifaa vingi hivyo. Halafu tukafungua `make menuconfig` ili tuione kadi yetu kwa macho. Ile skrini ya bluu yenye menyu ndani ya menyu wengine wanaiogopa. Mimi niliipenda papo hapo. Draiva za vifaa, kisha mtandao, kisha Ethernet, kisha vifaa vya Atheros. Mstari wa AR816x/AR817x ulikuwa pale. Yaya akaniachia kibodi. Nikaomba maelezo, na katikati ya skrini, ndani ya orodha fupi ya chipu, ikasomeka: 1969:1091, AR8161 Gigabit Ethernet. Namba ileile ya `lspci`, tarakimu kwa tarakimu. Nikamwita masera aje aone. Alivaa miwani, akasoma namba kwenye skrini moja, akasoma kwenye ya pili, akasema, "Basi haijaungua." Ndiyo masera, haijaungua. Nikabonyeza `m`.

Tukazima pia taarifa za utatuzi, ambazo hujaza diski bure kwa shule isiyotengeneza keneli, kisha yaya akaandika `make -j4 deb-pkg`, amri inayounda keneli na kuifunga kwenye vifurushi vya Debian. Majina ya mafaili yakaanza kupanda kwenye skrini, CC, CC, LD, CC. Kama hujawahi kuunda keneli kutoka kwenye msimbo wake, fanya hivyo walau mara moja. Unaona kwa macho kwamba huo mfumo unaoutumia kila siku ni mafaili ya maandishi, na kila faili lina mwandishi.

Jioni umeme ukakatika. Delestaji, yaani mgao wa umeme, haina ratiba inayoaminika, na jenereta ya masera ilikuwa ya saa za sala na chakula tu. Chumba kikawa giza. Niliona kazi yote imepotea. Yaya alicheka, akaniambia `make` haianzi upya: inalinganisha saa ya kila faili la msimbo na saa ya faili lililotokana nalo, na lililokwisha kutengenezwa inaliruka.

Kesho yake asubuhi umeme ukawepo, kazi ikaendelea pale ilipoishia. Mpaka kwenye kuunganisha. Hapo ikasimama kwa maneno haya: `file not recognized: File truncated`.

Faili lililotajwa tulilitazama kwa `ls -l`. Ukubwa wake: sifuri. Jina lilikuwa limeandikwa kwenye diski, yaliyomo yalikuwa bado kwenye memori umeme ulipokatika. Na kwa kuwa saa yake ilikuwa mpya, `make` iliridhika nalo ikapita. Huu ni ugonjwa wa nchi zenye umeme kama wetu, na unafaa kufundishwa kwetu kabla ya mambo mengine mengi. Dawa yake ni mstari mmoja: `find . -name '*.o' -size 0 -delete`. Ukafuta mafaili yote matupu, `make` ikayatengeneza upya, na safari hii ikafika mwisho.

Kabla ya kuweka keneli mpya, yaya alitaka nione kitu. Aliwasha mashine kwa keneli ya zamani, kwenye menyu ya GRUB, programu inayoipakia keneli mashine inapowaka, akabonyeza `e`, akaufuta mstari wa `initrd`, akawasha. Skrini ikajaa maandishi meupe, ikaganda: `Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. Moyo ulinipasuka. Yeye alikuwa ametulia. Akanieleza kwamba Debian huweka draiva ya diski ya SATA na ile ya ext4, mpangilio wa mafaili kwenye diski, kama moduli, na moduli hukaa kwenye diski. Keneli inahitaji draiva ili ifungue diski, na draiva imo ndani ya diski hiyo: ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. `initrd` ni picha ndogo inayopakiwa kwenye memori pamoja na keneli, ikiwa na moduli hizo za mwanzo. "Siku ukiyaona maneno haya nikiwa mbali, usimwambie mtu diski imekufa. Tafuta kwanza draiva ya diski iko wapi." Akazima, akawasha bila kubadili kitu, mashine ikaamka kama kawaida.

Tukaweka vifurushi vya 3.10 kwa `dpkg -i`, tukawasha. `dmesg`, amri inayoonyesha ujumbe wa keneli, ikaonyesha mstari wa `alx` na kando yake `eth0`, jina la kadi ya mtandao. Tukaomba anwani, ikaja. Tukapiga `ping` kwenye mashine ya jirani, majibu yakarudi moja baada ya jingine bila kukosa hata moja.

Zilizobaki zilikuwa kazi ya flashi: vifurushi vilevile, amri ileile, kutoka meza moja hadi nyingine. Masera alizifanya mbili za mwisho mwenyewe, sisi tukiwa tumesimama nyuma yake. Baadaye Debian ilipotoa keneli mpya zaidi kupitia backports, hazina yake ya programu mpya kwa ajili ya toleo la zamani, zikiwa na `alx` ndani, tuliiondoa ile ya kwetu ili shule ipate masahihisho ya usalama bila kutungoja, na kadi zikaendelea kufanya kazi.