Nilivyofunga milango ya himaya yangu kwenye Stellaris

Anayeicheza Stellaris, gemu ya kompyuta ya kujenga himaya angani, anajua kwamba kupanuka si kazi. Kazi ni kubaki na ulichokipata mwaka 2300 ukishagonga, majirani wana manowari nzito na kila mpaka una mtu anayekuchungulia. Gemu hii ya kampuni ya Paradox ya Sweden ilitoka 2016, na kwa muda mrefu nilikuwa naiona kama mashindano ya nani atanyakua nyota nyingi. Siku hizi naicheza kwa namna nyingine kabisa: naifunga mipaka kwanza, ndani nitajaza baadaye.

Nachukua binadamu wa kawaida, wale wanaoanzia kwenye Jua letu lenyewe, Alpha Centauri na Sirius zikiwa jirani. Ramani naichagua ndogo, ya nyota 400. Ya nyota 1,000 inavutia mwanzoni, ila laptop yangu haina ubavu huo. Ukifika karne ya pili mwezi mmoja wa gemu unakwisha umeshachemsha chai na kuinywa.

Mwaka 2200 unapewa meli moja ya utafiti, moja ya ujenzi na manowari tatu nyepesi. Kitu cha kwanza ninachojenga ni meli ya pili ya utafiti, kwa sababu nahitaji ramani kuliko kitu kingine chochote. Zamani kila himaya ilichagua yenyewe namna ya kusafiri, na adui angeweza kukurukia katikati ya nchi bila kupita popote. Tangu mabadiliko makubwa ya gemu ya 2018, kwa kawaida wote wanapita kwenye njia zilizochorwa kati ya nyota na nyota. Ukizitazama zile njia kwa utulivu utaona kuna mahali ambapo njia kumi zinakutana na kubaki moja. Nyota hiyo ndiyo mlango, na yeyote anayekuja kwako lazima aupite.

Sasa tatizo ni bei. Kituo kidogo cha kumiliki nyota kinakula aloi 100 (metali ya kujengea) na ushawishi 75 (pointi za kisiasa), na kadiri unavyoruka mbali na mipaka yako ndivyo ushawishi unavyopanda. Ushawishi wenyewe unaingia pointi chache tu kwa mwezi. Wengi hukimbilia nyota ya jirani yenye madini mengi, wanajaza taratibu, na wakifika mlangoni wanamkuta mwenzao keshakaa. Mimi nalipa hiyo ziada. Nanyoosha mstari mmoja hadi mlangoni, naacha nyota tajiri nyuma yangu bila mwenyewe, kisha nafunga mpaka. Majirani wanakasirika kidogo, lakini hawawezi tena kupita kwenda kujenga kule ndani. Nyota zile zinakuwa akiba yangu, nazichukua moja moja ushawishi unapopatikana.

Lakini milango bila aloi ni mapambo. Meli, vituo, majukwaa ya ulinzi, vyote vinajengwa kwa aloi, na kuipata aloi moja kunakula takriban madini mawili. Kwa hiyo sayari yangu ya pili au ya tatu inakuwa ya viwanda tupu, hata kama watu wake watalalamika kukosa starehe. Kuna wachezaji wanaosema utafiti uje kwanza. Sawa, kama jirani zako ni wapole. Kompyuta, ambayo ndiyo inayowaendesha majirani, inapima nguvu ya jeshi lako kabla ya kukutangazia vita, na teknolojia ambayo haijawa meli haimtishi mtu.

Kwenye mchezo wangu wa mwisho, mlango wa magharibi ulikuwa pulsa, nyota iliyokufa inayozunguka kwa kasi, na hapo nilifurahi kama mjinga. Nyota ya aina hiyo inaua ngao zote, zako na za adui. Wengi wanaikwepa kwa sababu hiyo hiyo. Mimi niliijengea ngome. Majukwaa yote niliyavika deraya, ngao sikuweka hata moja, na silaha zikawa leza, kwa kuwa leza ndiyo inayotoboa deraya na hapo hakuna kitu kingine cha kutoboa. Kituo chenyewe nilikipandisha daraja hadi kikapata kizuizi cha njia. Kizuizi hicho kinafanya meli ya adui ikiingia isiweze kuendelea mbele. Inaweza tu kurudi ilikotoka, mpaka kituo kivunjwe.

Jirani wa upande huo, jamii fulani ya uyoga wenye roho ya vita, walikuja na kundi kubwa kuliko langu. Nusu ya uimara wao ulikuwa kwenye ngao, na walipoingia tu kwenye pulsa ngao zikazimika. Hata hivyo sikukimbilia kuwapiga. Kundi langu nililiweka nyota moja nyuma, nikasubiri waanze kupigana na ngome. Waliponasa pale ndipo nikaingia. Sikupoteza hata robo ya meli zangu, na wao walirudi na mabaki.

Baada ya hapo sikuwafuata kwao. Gemu inahesabu uchovu wa vita wa kila upande, na ukifika asilimia 100, baada ya miezi 24 upande huo unaweza kulazimishwa kukubali hali ilivyo, yaani vita viishe kila mtu akibaki na alichoshika. Nilikaa mlangoni, nikawaacha wajigonge tena na tena, suluhu ikaja yenyewe bila mimi kutumia ushawishi kudai nyota zao. Nyota zao ningezifanyia nini? Ziko nje ya mlango, na kila nyota ya ziada inaukuza ukubwa wa himaya, utafiti unapanda bei.

Mlango wa kusini sikuujengea kitu. Huko nilikuwa na jirani mstaarabu, tukawekeana mkataba wa kulindana, na ushawishi unaokatwa kila mwezi kwa ajili ya mkataba huo ni nafuu kuliko ngome.

Ukiwa na Apocalypse, nyongeza ya gemu inayouzwa kando, katikati ya mchezo maharamia wanaozurura kwenye galaksi wanaweza kuungana chini ya Khan mmoja. Alipokuja kwangu nilikubali kuwa kibaraka wake. Najua kuna watakaonicheka. Lakini Khan ni mtu mmoja na hufa, na akifa vibaraka wanarudi kuwa huru. Nililipa kodi yake huku viwanda vikiendelea kufua aloi, wakati majirani waliokataa kuinama walikuwa wanazika meli zao.

Kisichojali milango ni janga la mwisho, lile ambalo gemu inakuletea mchezo ukikaribia kuisha. Kwangu walikuja Prethoryn, wadudu wanaotoka nje ya galaksi na kutua ukingoni, na ukingo ulikuwa mgongoni kwangu. Ngome zangu zote zilitazama upande mwingine. Kilichoniokoa ni ghala la aloi na kuwajua: hawana ngao, wana deraya na mwili mnene, na wanapiga kwa makombora na makundi ya vijimeli vidogo. Nilirudisha kundi zima kwenye karakana, nikang'oa mizinga ya kupigia ngao, nikaweka leza na plazma, pamoja na silaha ndogo za kudungua makombora kwenye kila meli iliyokuwa na nafasi. Kizuizi cha njia nilikiweka haraka kwenye nyota mbili za ndani ili wasisambae.

Walikula sayari mbili kabla sijawamaliza, nami nilizipiga mabomu kutoka angani mpaka zikasafishika, kwa sababu sayari waliyoivamia haiokolewi kwa njia nyingine. Mchezo unaofuata nimeshauanza: pulsa ninayo tena, safari hii upande wa kaskazini, na ngome ya kwanza baada ya hiyo nimeipeleka ukingoni.