Logi imejaza diski? Usiihamishe kwanza

Ofisi ya uwakala wa forodha ninayoihudumia, upande wa Kilindini, mwenyewe alinipigia Ijumaa baada ya swala. "Mwanangu, mashine yasema imejaa, na Jumatatu tuna makontena ya kutoa." Ni seva ya SQL Server, programu ya Microsoft ya kutunza hifadhidata. Nilipoifungua nikakuta kilichojaza diski si data. Faili la logi, lile la .ldf linaloandika kila badiliko la data, lilikuwa limeishinda data yenyewe kwa ukubwa.

Mzee alitaka lihamishiwe diski ya pili, basi. Lakini nilichungulia kwanza sys.databases, orodha ya hifadhidata za seva, safu ya log_reuse_wait_desc inayosema logi inasubiri nini, ikajibu LOG_BACKUP. Yaani hifadhidata iko kwenye modi ya FULL, inayotunza logi mpaka ichukuliwe bakapu yake, na hakuna anayechukua bakapu ya logi, kwa hiyo nafasi ya miamala ya zamani haiachiwi ipate kuandikwa upya. Ukihamisha hivyo hivyo, diski mpya nayo itajaa. Nikapanga bakapu ya logi kila nusu saa. Bakapu huacha faili na ukubwa wake ule ule, ndani nafasi tupu, kwa hiyo nikalipunguza mara moja kwa DBCC SHRINKFILE. Mara moja tu; wanaofanya hivyo kila wiki sijui wanatafuta nini.

Kuhamisha bado kulikuwa na faida. Logi huandikwa kwa mfululizo, data husomwa huku na kule, na diski ya kuzunguka ikibebeshwa zote mbili huwa kama hamali anayeitwa na matajiri wawili.

Usiku, watu wameshatoka, nikachukua bakapu kamili. Kisha ALTER DATABASE na MODIFY FILE, kwa jina la faili linaloonekana kwenye sys.master_files, orodha ya mafaili ya hifadhidata, safu ya name, si lile la kwenye folda. Amri hiyo haisogezi kitu, inaandika anwani mpya tu. Ndipo SET OFFLINE kuizima hifadhidata, nakili faili kwenye diski mpya, SET ONLINE kuiwasha. Nakili, usikate; la zamani lifute kazi ikishasimama. Wapo wanaopenda kutenganisha hifadhidata na kuiunganisha upya. Mimi siipendi njia hiyo, kwa sababu mmiliki wake hubadilika bila wewe kuambiwa.

Na ruhusa! Folda mpya iipe akaunti inayoendesha SQL Server, si yako wewe msimamizi. Bila hivyo utakutana na "Operating system error 5", mlango umefungwa.

Mzee akauliza kama anunue diski nyingine ya seva. Nikamwambia, hizo pesa nunua ya nje, ya bakapu, ikae nyumbani kwako.