Nilivyowahamisha watumiaji wangu kutoka dukani

Hitilafu yenyewe ilikuwa ya kijinga. Programu yangu ya kuandikia matumizi ya pesa ina sehemu ya malipo yanayojirudia. Mtu akiweka tarehe 31, basi kwenye mwezi wa siku 30 malipo yaliruka hadi tarehe mosi ya mwezi unaofuata, na huko yakahesabiwa mara mbili. Kuirekebisha ilikuwa kazi ya mistari minne ya msimbo. Kuyafikisha marekebisho hayo kwenye simu za watu kulinichukua siku 11.

Nilituma toleo jipya kwenye duka la programu za simu, likakataliwa, tena kwa jambo lisilohusiana kabisa na hitilafu. Mkaguzi alifungua ukurasa wa msaada, akafuata kiungo cha tovuti yangu, akakuta kitufe cha kunichangia. Kwa kanuni za duka lile, huko kulikuwa kumwelekeza mtumiaji alipe nje ya duka, jambo lililokatazwa. Kiungo hicho kilikuwa kimepita ukaguzi miaka miwili mfululizo! Nikakata rufaa, nikajibiwa kwa aya ileile, neno kwa neno. Nikakiondoa kiungo, nikarudi mwisho wa foleni. Huku tathmini za nyota moja zinamiminika. Mmoja aliandika kwamba programu yangu inamdanganya, na alikuwa na haki.

Yanayopigiwa kelele siku zote ni makato ya asilimia 30 ya mauzo, yale yaliyoifanya Epic Games, kampuni ya michezo ya video, iwashtaki Apple na Google Agosti 2020. Sisi wadogo, wa mapato yasiyofika dola milioni moja kwa mwaka, tangu 2021 tunaweza kukatwa asilimia 15 katika maduka yote mawili. Sikatai, bado ni pesa. Ila kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na watumiaji elfu tatu na ushee na sikuwa na namna ya kumfikia hata mmoja. Duka hunipa idadi yao, nchi zao na aina za simu zao. Anwani hainipi. Kwa siku zile 11 niliijua hesabu mbovu iliyokuwa mikononi mwao, na sikuweza kuwaambia, "Msiiamini jumla ya mwezi huu."

Nikaamua kuhama. Kwenye toleo lililofuata, badala ya urembo wowote, niliongeza kitufe kimoja: "Hamisha daftari". Ukikibonyeza unapata faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Ningeweza kubuni muundo wangu wa faili, lakini nilitaka mtu akinichoka aweze kulifungua daftari lake kwenye Excel na kuendelea na maisha. Kisha nikaiandika upya programu nzima kama programu ya wavuti: unaifungua kwenye kivinjari, unaiweka kwenye skrini ya mwanzo, na hati ndogo ya JavaScript inahifadhi kurasa zake ili ifunguke hata bila intaneti. Kuniachia anwani ya barua pepe ni hiari. Wengi waliniachia.

Si kwamba nje ya duka ni raha tupu. Safari, kivinjari cha Apple, hufuta data ya tovuti usiyoigusa kwa siku saba za kutumia kivinjari hicho, isipokuwa kama umeiweka kwenye skrini ya mwanzo. Hilo nililigundua baada ya daftari langu mwenyewe la majaribio kuyeyuka, na sasa maelezo ya kuiweka kwenye skrini ndiyo kitu cha kwanza anachokiona mtu. Arifa nazo, kwenye iPhone zilianza kupatikana kwa programu za wavuti Machi 2023, kwa toleo la iOS 16.4, na hata hizo ni kwa zilizowekwa kwenye skrini ya mwanzo tu. Wageni nao wamepungua, maana wengi hutafuta programu dukani na si kwingineko.

Ya zamani sijaiondoa. Takwimu za duka zinaonyesha simu karibu 400 ambazo bado zinatumia toleo la kabla ya marekebisho, pengine kwa sababu hazijisasishi zenyewe. Kila tarehe 31 nawakumbuka. Hesabu zao bado zina kosa lilelile, na bado sina pa kuwaandikia.