Warusi na miungu yao ya zamani

Jamani Warusi walibatizwa tangu 988 lakini ile miungu yao ya zamani haijahama kabisa, bado iko mdomoni. Nilivyokuwa nasoma kule rummate wangu alikuwa akipoteza kitu anasimama katikati ya chumba anasema "domovoi, domovoi, poigrai da otdai", yani wewe mzimu wa nyumba, chezea kisha rudisha 😂 na huyu ni mtu wa fizikia!

Ukimuuliza mtu kitu hajui anakwambia "leshi yego znayet", leshi ni yule zimwi wa msituni anayepoteza watu njia, so ndo mwenye kujua.

Mkubwa wao alikuwa Perun, wa radi. Prinsi Vladimir alimsimamishia sanamu ya mbao pale Kiev, kichwa cha fedha na masharubu ya dhahabu, halafu miaka michache baadaye huyohuyo Vladimir kabatizwa akaamuru sanamu ifungwe mkia wa farasi iburutwe mpaka mto Dnieper huku inapigwa fimbo, duh. Kazi ya radi akapewa nabii Eliya, ngurumo ikilia bibi wa kijijini anasema Ilya anapita na gari lake mbinguni, na sikukuu yake ya 2 Agosti ikishapita wazee wanakukataza kuogelea mtoni hata kama jua linawaka balaa. Kwa Wapoland ndo wazi zaidi, radi yenyewe mpaka leo inaitwa piorun.