Uga wa umeme ukiwa sifuri, potenshali si lazima iwe sifuri

Wanafunzi wa kidato cha tano ninaowafundisha jioni hapa Kirumba, Mwanza, wanaijua vizuri kanuni ya Coulomb, ile ya nguvu kati ya chaji mbili, na fomula za uga (nguvu inayosukuma kila kulombi ya chaji iliyowekwa mahali fulani) na potenshali (kazi ya kuifikisha kila kulombi mahali hapo kutoka mbali sana) wanaziandika ubaoni bila kusita. Lakini ukiwauliza kama potenshali ni sifuri mahali ambapo uga wa umeme ni sifuri, wengi hujibu ndiyo. Jibu hilo hunionyesha kwamba fomula zimetangulia kuingia kichwani, maana yake ikabaki nje.

Tuchukue chaji mbili chanya, kila moja ya nanokulombi 2 (kulombi ni kipimo cha chaji, na nanokulombi ni sehemu yake ya bilioni), zikiwa mita 2 kutoka moja hadi nyingine, kisha tupime katikati kabisa. Kila chaji inaleta pale uga wa volti 18 kwa mita, lakini kwa pande zinazopingana, na kwa kuwa uga una mwelekeo, jumla yake ni sifuri. Potenshali haina mwelekeo, hivyo volti 18 na volti 18 zinafanya 36. Ili kuifikisha chaji ndogo chanya ya majaribio katikati hapo kutoka mbali sana, ni lazima kufanya kazi ya jouli 36 kwa kila kulombi, ingawa ikishafika haisukumwi popote. Sasa geuza chaji moja iwe hasi: nyuga zote mbili zinaelekea upande mmoja na kufanya volti 36 kwa mita, ilhali potenshali inakuwa sifuri. Napenda sana mfano huu, kwa sababu namba ni zilezile na majibu yamebadilishana nafasi.

Aliyewahi kupanda kilima cha Bugando ana njia nzuri ya kulifikiria jambo hili. Potenshali ni kama kimo cha mahali uliposimama, na uga ni ukali wa mteremko, ukielekea kule kunakoshuka. Juu kileleni penye tambarare mteremko ni sifuri, lakini hakuna atakayesema kimo nacho ni sifuri. Tena unaweza kupima kimo kutoka usawa wa bahari au kutoka usawa wa Ziwa Victoria, ambao uko takribani mita 1,134 juu ya bahari. Namba za kimo zitabadilika, mteremko hautabadilika hata kidogo. Ndiyo maana tuna uhuru wa kuchagua mahali pa kuita volti sifuri.

Kwetu kando ya ziwa, ambako radi ni nyingi, uhusiano huu ni jambo la uhai. Tuseme radi yenye mkondo wa ampea 30,000 imepiga ardhi yenye ukinzani mahususi (kipimo cha jinsi udongo unavyozuia mkondo kupita) wa omu-mita 100, na mkondo umesambaa sawasawa pande zote. Mita 10 kutoka hapo potenshali ya ardhi ni karibu volti 47,700, na uga ni karibu volti 4,800 kwa mita. Mtu aliyetanua miguu kwa nusu mita kuelekea palipopigwa anapata takribani volti 2,300 kati ya mguu mmoja na mwingine. Akiibana pamoja, tofauti hiyo inapungua sana. Ng'ombe hawezi kubana miguu yake ya mbele na ya nyuma, na mkondo unaoingia kwa mguu mmoja na kutokea kwa mwingine unapita kifuani.

Kwa ng'ombe huyo, ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma tunaichukua kuwa mita 1.5 mbali, wanafunzi huzidisha 4,800 kwa mita 1.5 na kupata volti 7,200. Hapo nawarudisha kwenye potenshali yenyewe, kwa sababu uga unapungua kadiri tunavyosogea mbali na palipopigwa, na mteremko wa mita ya 10 si mteremko wa mita ya 11.5. Potenshali ya mita 11.5 ni karibu volti 41,500. Ukiitoa katika 47,700 unabaki na volti 6,200, na hiyo ndiyo tofauti inayompata ng'ombe.