Nilivyopata begi linaloenda kwa kuangalia mikono ya wateja

Mi nashona mabegi, na hili linaloenda kuliko yote sasa hivi silo walilonielezea wateja. Nilipowauliza mnataka nini, wote mifuko, ongeza mifuko! Swali hilo mtu anakujibu cha kwanza kilichomjia kichwani, si kwamba anadanganya, ila hajawahi kukaa akalifikiria begi lake, analibeba tu.

Nikaanza kuwaambia nioneshe hilo unalotumia, toa vitu kama unavyotoaga siku zote, mi nakaa kimya. Hapo ndo mambo yanaonekana. Dada mmoja kambeba mtoto mkono wa kushoto, simu ikaita, akang'ata ukingo wa begi kwa meno ndo akavuta zipu kwa mkono wa kulia, tena kama jambo la kawaida kabisa, kwenye malalamiko yake hakulitaja! Funguo alishazifunga mkandani kwa kamba ya kiatu. Basi kwa kila mtu nikawa natafuta hizo kamba, pini huku, mpira wa nywele kule, maana mtu akijitengenezea dawa mwenyewe ujue shida ipo kweli, na nusu ya kazi ya kubuni keshakufanyia bure.

Wala si ujanja wangu. Vifaa vya jikoni vya OXO vilianza hivyohivyo, mwanzilishi wake Sam Farber alimuona mkewe Betsey, mwenye ugonjwa wa viungo mikononi, anavyohangaika na kifaa cha kumenyea, wakaja na mpini mnene laini, vikaingia sokoni 1990 na wenye mikono mizima nao wakavigombania.

Nikashona sampo chache za kitambaa rahisi, hata bitana hazina, mdomo wa sumaku, ndani kamba ya funguo. Niliziacha mbayambaya makusudi, kitu kikipendeza sana watu wanaona aibu kukikosoa. Wakaenda kuzitumia wakarudi na habari: begi likijaa sumaku inaachia. Sumaku ikahamia kamfuko ka mbele ka simu na funguo (kadi za benki nikazitenga mbali, ule ukanda mweusi na sumaku haviivi), mdomo mkubwa ukarudi zipu ila pembeni nikatia kitambaa kigumu isijikunje, sasa inavutika kwa mkono mmoja, meno yapumzike.

Halafu sifa. Mtu akisema limependeza mi namwambia haya toa advansi nikushonee lako, na hapo wengine wanaanza kukumbuka wana haraka, sina kinyongo nao, wamenipunguzia hasara ya kitambaa. Ile ya kijani iliyosifiwa na kila aliyeishika haikupata advansi hata moja. Nyeusi waliyoiita ya kawaida ndo ililipiwa, basi nikanunua jora la nyeusi nikaanza kukata.