Nafasi ni Moja, na Ninamtaka Beki

Timu yetu ya mpira wa magongo hapa Mwanza ina uwezo wa kumgharamia mchezaji mmoja tu kutoka nje ya mkoa msimu huu, maana nauli, malazi na chakula vinatoka mifukoni mwetu. Majina yaliyobaki mezani ni mawili: mshambuliaji wa Musoma anayesifiwa na kila mtu kwa chenga na kasi, na beki wa Bukoba ambaye sifa zake huzisikii mpaka uwaulize waliowahi kukutana naye uwanjani. Wenzangu wengi wanamtaka mshambuliaji. Mimi namtaka beki, na naeleza hapa kwa kirefu kwa sababu kikaoni hakuna anayepewa muda wa kutosha.

Hoja yao ni kwamba mshindi wa mechi hupatikana kwa mabao. Ni kweli, lakini katika magongo anayefunga si lazima awe mshambuliaji. Sohail Abbas wa Pakistan alifunga mabao 348 ya kimataifa, naye alikuwa beki. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, mfungaji bora wa mashindano ya wanaume alikuwa Harmanpreet Singh, beki na nahodha wa India, aliyefunga mabao 10, yakiwemo yote mawili yaliyoizamisha Hispania 2–1 katika mechi ya medali ya shaba.

Sababu yake ni kona ya penalti, pigo ambalo timu hupewa hasa beki wa wapinzani akifanya kosa ndani ya duara, yaani eneo lililochorwa mbele ya goli. Timu inayojilinda hubakiza watu watano tu nyuma ya mstari wa goli, golikipa akiwa mmojawao, na wengine wote hupelekwa ng'ambo ya mstari wa kati mpaka mpira uchezwe. Pigo la kwanza la kulenga goli, likiwa ni la kugonga, lazima mpira uvuke mstari wa goli bila kuzidi kimo cha sentimita 46. Lakini anayeuburuta mpira kwa gongo kisha akaurusha habanwi na kimo hicho, na ndiyo maana mtu mwenye ujuzi huo ana thamani kubwa. Beki wa Bukoba anao. Nimemtazama kwa karibu: anatanguliza mguu wa kushoto, anainama mpaka mkono wa chini unakaribia kugusa ardhi, mpira unalala kwenye gongo huku akivuta hatua ndefu, na unapoachiwa huwezi kujua mapema unaelekea pembe ipi. Kwa hiyo tukimchukua beki huyu, mabao hatutayakosa.

Kuna pia suala la kiwanja. Tunachezea vumbi na changarawe, ambako mpira hudunda ovyo na chenga nzuri huharibiwa na kokoto moja. Kwenye nyasi bandia zilizomwagiwa maji ningefikiri mara mbili, lakini kwetu kipaji cha mshambuliaji kitapungua nusu kabla hajafika kwenye duara, wakati beki mwenye macho mazuri atafaidika na kila mpira unaomponyoka mpinzani. Zaidi ya hayo, magongo yote hutengenezwa kwa ajili ya wanaotumia mkono wa kulia, na upande wa mviringo wa gongo hauruhusiwi kuugusa mpira. Mshambuliaji akipita kushoto kwa beki, beki hulazimika kuligeuza gongo, ncha ikitazama chini, na mabeki wetu wengi huachwa hapo hapo. Huyu wa Bukoba hutanguliza miguu kwanza, akamsukumia mpinzani upande wa kulia, ndipo anapopora.

Anayedhani ulinzi ni kazi ya kujaziliza tu aitazame tena India katika robo fainali ya Paris dhidi ya Uingereza. Walipata kadi nyekundu dakika ya 17, wakacheza watu kumi kwa zaidi ya dakika 40, wakamaliza 1–1 na kushinda 4–2 katika mapigo ya kuamua mshindi. Sisi Watanzania tunao mfano mchungu zaidi: mwaka 1980, kwenye Olimpiki ya Moscow, timu yetu ya taifa ilifungwa na India hiyo hiyo mabao 18–0. Sioni mshambuliaji ambaye angeibadilisha siku ile. Nawaheshimu sana wale waliobeba bendera yetu kule, na kwa sababu hiyo hiyo naona tuna wajibu wa kujenga kuanzia nyuma.

Nakubali kwamba kona za penalti hazijileti. Ni lazima mtu aingie ndani ya duara na kumlazimisha beki wa upande wa pili afanye kosa. Kazi hiyo vijana wetu wawili wa pembeni wanaiweza, kwani wana mbio na hawaogopi kugongwa. Walichokosa ni mtu wa kuigeuza kona kuwa bao. Pendekezo langu kwa kikao ni kwamba beki atumiwe nauli ya meli ya kutoka Bukoba, apangwe katikati ya ulinzi, na kona zote ziwe zake, huku tukiendelea kuwasiliana na yule wa Musoma kwa ajili ya msimu ujao.